Udongo Uliotoka Jasho

Mwaka ule mabomba ya mtaa wetu hapa Likasi yalikauka kabisa, na kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, akaamua kuchimba kisima uani. Alikuwa amechimba shaba kule Kambove miaka mingi kwa mikono yake, kwa hiyo shimo halikumtisha. Mimi nafundisha fizikia, na ujuaji ni ugonjwa wangu wa zamani.

Wiki aliyoanza kuchimba nilikuwa nimewaeleza wanafunzi habari za roboti inayotembea kwenye sayari ya Mirihi. Ilichota udongo, ikauchoma tumboni mwake, mvuke wa maji ukatoka. Jangwa lile kavu, kumbe udongo wake una maji! Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Basi yaya alipofika kama mita saba, ndoo ilipanda na udongo mweusi kidogo. Nikachota konzi moja, nikautia kwenye sufuria juu ya mbabula yenye makaa, nikafunika. Nilipofunua, mfuniko ulijaa matone. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Yaya alikuwa ameshapanda, amekaa ukingoni, anafungua kamba kiunoni.

“Udongo inatoka jasho,” akasema. “Kule mu mine ya shaba, ikianza vile, tunatokaka. Ukuta itaanguka.”

“Yaya, weye uko na woga? Maji iko pale! Ile roboti, masini ya kule Mars, ilionaka vile vile.”

Mke wake alinitazama kwa jicho baya. Nami nikacheka, nikasema mwanaume mzima anakimbia umande. Maneno hayo ndiyo yaliyomrudisha chini.

Nilishika kamba aliyojifunga kiunoni, wifi akivuta ndoo. Ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda. Ya tatu ilikuwa bado chini niliposikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi likibwagwa, na kamba ikakaza mikononi mwangu. Nikachungulia. Vumbi tu.

“Yaya!”

Sijawahi kuogopa vile maishani, na nilijua kosa ni langu. Wifi akapiga yowe, majirani wakaruka ukuta. Vumbi lilipotulia tukamwona: udongo umemfika kifuani, anajifukua kwa kucha, na kila alichokitoa kinarudi maradufu. Tulivuta mpaka viganja vyangu vikachunika. Mara mbili udongo ulimomonyoka tena, mara ya tatu ukamwachia.

Alilala kifudifudi uani, akatema tope, kisha akageuza uso.

“Ile masini yako ya kule juu, ni ndugu ya nani?”

Niliomba msamaha huku nalia, naye akaomba tu apumzike.

Wiki iliyofuata alianza shimo jingine, upande wa pili wa ua. Nilifika mapema kabla ya shule, nikanyoosha mkono nipokee kamba. Alinipita, akampa mke wake.