Waziri Aliyenusurika Viboko

Juzi kwenye usaili wa kazi, mmoja wa walionihoji aligonga meza kwa kiganja kuonyesha kwamba jibu langu limempendeza. Nilishtuka, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo.

Chumba kilinuka mafuta ya taa na maharage. Redio ilitangaza Bunge, na mama mdogo, aliyekuja kwa treni kutoka kijijini Tura na mimba kubwa, aliisikiliza amesimama, ameshika kiuno. Mtoto wake wa kwanza alimzaa bila mkunga, na hakuishi.

Nilidhani Bunge ni darasa na mawaziri ni wanafunzi. Waziri wa Mambo ya Nje alipoeleza kuwa nchi rafiki zitatuletea madaktari, meza ziligongwa kwa kishindo, nami nikajua anachapwa. Kisha Waziri wa Afya akaulizwa ni lini zahanati za vijijini zitapata wakunga. Nilimwombea.

"Wako mafunzoni," alijibu. "Watapelekwa mwakani."

Meza zilinyamaza. Siku hizi naelewa ukimya ule. Siku ile nilishusha pumzi.

"Amesema lini, dada?" mama mdogo aliuliza, ingawa alisikia.

"Mwakani."

"Mwakani huyu wa tumboni atakuwa anatambaa, ananivunjia vikombe."

Mama alizima redio. "Basi avunje vya hapa. Tura hurudi mpaka ujifungue."

Nilirukaruka kwa furaha kwamba waziri hakuchapwa. Mama mdogo alinivuta, akanikumbatia akilia, akidhani nimefurahi kwamba anabaki kwetu. Mpaka leo sijapata namna ya kumwambia.