Mpiga Dramu Aliyesema Atanifuata

Najua ukisikia kisa kama hiki kitu cha kwanza utakachofanya ni kucheka. Cheka tu. Mimi ningekuwa wewe ningecheka pia. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, na wapo watu wawili walio hai ambao wanaweza kukuambia kama ninadanganya. Mmoja ndiye aliyenitoa. Mwingine, mimi ndiye niliyemtia.

Acha nianze na nilivyokuwa. Mimi ni mtu wa Lodwar. Mchana niliuza vipuri vya pikipiki, na wikendi nilipiga gitaa la besi. Kulishika nilijifunza kanisani, lakini kulipiga kweli nilifunzwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka wa 2012, na Mkongo mmoja mpiga dramu aliyeitwa Bahati. Bendi ilikuwa ya Mama Furaha, mwimbaji, Mkongo pia, mwanamke wa sauti nzito aliyetuongoza kwa nyusi tu. Tulipiga harusi, tulipiga ibada, na mara nyingine tulishuka Lodwar kupiga hotelini watu wa mashirika wakitaka kucheza. Ijumaa nilidandia lori la Msomali mmoja aliyepeleka unga kambini, besi yangu nimeifunga kwa blanketi kama mtoto mgonjwa.

Watu wengi hufikiri besi inamfuata mwimbaji. Sivyo. Besi inaishi na dramu kubwa, ile inayopigwa kwa mguu. Siku ya kwanza Bahati alinikatiza katikati ya wimbo, akaniambia, "Ndugu, unasikia mukono yangu. Mukono inadanganya watu. Sikia muguu."

Nikaanza kusikiliza mguu. Mwanzoni nilichelewa, halafu nikawa nawahi mno, halafu siku moja tukashikana. Kama hujawahi kushikana na mpiga dramu, sijui nikuelezeje. Huhesabu tena. Yeye anakanyaga, kidole chako kiko pale, na sauti mbili zinakuwa moja inayoingia tumboni. Watu wanajikuta wanacheza kabla hawajaamua. Nilikuwa najua Bahati ataongeza nini kwa kuangalia bega lake, naye alijua nitashuka wapi kwa kusikia ninavyovuta pumzi. Lakini tulikuwa watu wawili. Wimbo ukiisha tulicheka, kila mtu akaenda kunywa maji yake.

Mwaka uliofuata Bahati akapata safari, akaondoka na mke na watoto kwenda nchi ya baridi. Seti ya dramu aliiacha kwa sababu ilikuwa ya kanisa. Pedali ya dramu kubwa, ile ya kukanyaga, ilikuwa mali yake, akaondoka nayo. Shika hilo la pedali. Bila pedali dramu kubwa ni pipa tu limelala chini.

Basi kukaja harusi ya Wasudan Kusini, watu wa heshima, bwana harusi ana duka sokoni. Mama Furaha akaikubali. Mpiga dramu wa kesho yake alikuwa amepatikana, kilichokosekana ni pedali. Jioni ya kuamkia harusi tukakutana kwenye lile kanisa lenye dramu, la matofali ya udongo na paa la mabati, karibu na laga, ule mto mkavu. Mama Furaha na mpiga kinanda wakaenda upande wa Waethiopia kuazima pedali. Mimi nikabaki peke yangu kupasha vidole, besi nimeichomeka kwenye spika ndogo inayotumia betri ya gari.

Upepo wa vumbi ulikuwa umevuma tangu mchana. Unaujua upepo wa Kakuma? Meno yangu yalikuwa yanasaga mchanga. Jua likazama, na kutoka upande wa Wasomali adhana ya magharibi ikaanza.

Ndipo akaingia.

Alikuwa mwanaume mrefu, miguu mitupu, shati jeupe. Nilichokiona kwanza ni shati. Halikuwa na chembe ya vumbi. Ukikaa kambini unajifunza kumjua mtu kwa mwendo wake, huyu Mdinka, huyu Msomali, huyu ndugu yangu Mturkana. Huyu nilishindwa. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok." Akaitika, "Ejok," vizuri kabisa, kama mtu wa Katilu au Namoruputh. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama ametumwa na Mama Furaha. Akapita mbele yangu, akakaa kwenye kigoda cha Bahati. Kila mpiga dramu akikaa kwenye kigoda cha mwenzake lazima akisogeze, akipandishe, akishushe. Yeye hakukigusa. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Cheza. Nitakufuata."

Jina sikumuuliza. Kwa nini? Hata leo najiuliza. Nadhani nilikuwa na njaa. Tangu Bahati aondoke sikuwa nimeshikana na mtu, na mtu aliyezoea kitu hicho akikikosa anakuwa kama mvutaji aliyekosa tumbaku.

Nikacheza. Akaingia palepale.

Niamini, sijawahi kusikia dramu kama ile. Mimi na Bahati ilitupasa kutafutana kwanza, mistari michache, kama watu wanaosalimiana. Huyu hakunitafuta. Kila kidole kilipogusa uzi, dramu kubwa ilikuwa chini yake, nzito, laini, bila mwanya hata wa unywele. Nikabadilisha mtindo, akabadilisha nami. Nikanyamaza kidogo ili nimtege, akanyamaza. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mpumbavu. Nilisahau pedali. Nilisahau hata harusi.

Kisha nikateleza. Kidole kikagonga uzi usio wake, nje ya wakati kabisa. Na dramu kubwa ikapiga palepale, pamoja na kosa langu.

Fikiria hapo. Mtu anaweza kufuata ninachokusudia, kwa sababu mwili wangu unatangulia kukitangaza. Lakini kosa? Kosa hata mimi sikujua linakuja. Nikasema moyoni labda imetokea tu. Nikakosea tena, sasa kwa makusudi, mahali ambapo hata mwendawazimu hapigi. Akawa pale. Nikakosea tena. Akawa pale. Jasho likanitoka, tena jasho la baridi, na Kakuma hakuna baridi.

Mdundo ukaanza kupungua kasi. Sikuupunguza mimi, naapa. Ulikuwa unashuka pole pole, kama mtu anayeteremka kisimani gizani, na kidole changu kikateremka nao. Alisema atanifuata. Sasa nani alikuwa anamfuata nani?

Nikajaribu kuuacha mkono. Mkono ukakataa. Nikataka kupiga kelele, nikagundua sina pumzi. Pumzi ilikuja tu dramu ilipopiga, na dramu ilikuwa inakawia. Sikusikia tena adhana, wala upepo. Kulikuwa na pigo, halafu kimya, halafu pigo, na kile kimya kilikuwa kinarefuka.

Nikamwangalia mguu, kama Bahati alivyonifundisha.

Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia chini, pamoja, kama ya mtu aliyekaa msibani. Pedali haikuwepo. Si ndiyo Mama Furaha alikwenda kuitafuta? Hapakuwa na kitu cha kuipiga ile dramu. Lakini ngozi yake ilikuwa inatetema, na kila ilipotetema kitu kilikanyaga ndani ya kifua changu. Ndipo nilipojua ile sauti niliyokuwa naifurahia ilikuwa inatoka wapi. Hakuwa anapiga dramu ya kanisa. Alikuwa anapiga moyo wangu, na alikuwa anaupunguza.

Yaliyofuata nimeyajua kwa kusimuliwa na Mama Furaha. Alisema alifika mlangoni na pedali mkononi, giza limeshaingia, akanikuta nimesimama peke yangu mbele ya dramu. Kigoda kitupu. Alisikia gitaa tu, sauti moja, halafu kimya kirefu, halafu ile ile sauti. Mwanzoni alidhani natania. Akaniita jina, sikugeuka. Akamulika uso wangu kwa simu, akaona midomo imekuwa ya majivu.

Mwingine angenishika anitikise, au angekimbia kuita watu. Mama Furaha ameimba miaka mingi, akasikia ni kitu gani kimenishika. Akaanza kupiga makofi. Alipiga vibaya, ovyo, bila kipimo, kama mlevi anayevuruga ibada, huku anakanyaga sakafu na kuimba maneno yasiyo na wimbo. Kwangu yale makofi yalikuja kutoka mbali, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati. Yakakaribia. Yakafika sikioni. Dramu kubwa ikasita, ikataka kuendelea, ikasita tena. Kidole changu hakikujua kiende na nani. Hapo hapo nikaanguka.

Kabla macho hayajafunga nilimwona mara ya mwisho. Hakukasirika. Alikuwa amekaa tu, mikono juu ya mapaja, kama wapiga dramu wanavyokaa wakati wa mapumziko wakingoja wimbo unaofuata.

Mama Furaha alinilaza chini, akaendelea kunipigia makofi mpaka nikavuta pumzi yangu mwenyewe. Alikuwa analia. Nilipoweza kusema nikamuuliza yule mtu amepitia wapi. "Papa, nilisikia gitaa tu," akasema. "Dramu, hapana."

Harusi ilipigwa kesho yake bila besi. Mimi nilirudishwa Lodwar, nikapelekwa hospitali, daktari akasikiliza kifua, akarudia kusikiliza. Akasema moyo unapiga polepole kuliko anavyopenda, lakini hakuona ugonjwa. Nikampigia simu Bahati huko alikokwenda, nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mtu aliniambia nimfuate au aliniambia atanifuata. Nikamjibu. Akasema ataniombea, akakata. Tangu siku hiyo nikimpigia hapokei.

Ungedhani yameishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Nikapumzika, nikapata nguvu, na kabla mwaka haujaisha nikarudi kwenye muziki, hapa hapa Lodwar, mbali na lile kanisa. Kulikuwa na kijana mpiga dramu aliyeitwa Ekiru, mwenye afya, mcheshi, anapiga kama mvua. Mazoezi ya kwanza tulishikana mara moja. Watu wakatusifu. Ekiru pekee hakufurahi. Baada ya mazoezi alinivuta kando, akasema napiga vizuri lakini kuna kitu kinamchosha. "Nikicheza na wewe," akasema, "mguu ni kama si wangu." Nikacheka, nikamwambia ni uchovu wa jua. Hata mimi nilitaka kuamini hivyo.

Jumapili moja, mchana kweupe, tulipiga wimbo wa polepole kwenye harambee. Ulipofika mwisho nikaanza kuupunguza kasi, kama nyimbo zote zinavyopunguzwa. Nikasikia kila nilichotaka kinafuatwa, bila mwanya hata wa unywele. Nikateleza kidole kidogo. Mguu wa Ekiru ukateleza nami. Nikainua macho, nikamwona ananitazama, midomo imekuwa ya majivu, na bado anakanyaga.

Nilivua gitaa nikalitupa chini na kupiga makofi kama kichaa, mbele ya wageni wote, ovyo, bila kipimo. Ekiru akaanguka juu ya matoazi. Wageni walisema ni joto. Alilazwa, akapona, Mungu ni mwema. Siku hizi yuko upande wa Ferguson's Gulf, kule ziwani, ananunua samaki, na akiniona Kalokol anavuka barabara. Simlaumu. Yeye anajua alichokiona akiwa amekaa pale, na hajawahi kumwambia mtu, lakini macho yake nayajua. Ni macho niliyokuwa nayo mimi.

Sasa nimebaki na vipuri vya pikipiki. Besi niliipeleka kwa shangazi yangu, ameiweka juu ya dari. Mke wangu amezoea kuniamsha akiona nimelala kimya mno. Ananipigia makofi masikioni, napumua, tunalala. Nikigonga meza kwa vidole bila kufikiri, nasikia moyo wangu unavifuata. Nikiviacha, moyo unangoja. Kwa hiyo sigongi meza. Wakipita wapiga ngoma wa kampeni au wa harusi naingia ndani nafunga mlango, na si kwa sababu naogopa watanifanya nini.

Wewe unayepiga, nisikilize. Kushikana ni kutamu, hakuna mwanamuziki atakayekudanganya kwamba si kutamu. Lakini mwenzako muulize jina kwanza, akutajie, na jina la babake pia. Mwangalie miguu. Ukikosea, na kosa lako likafuatwa, acha chombo uondoke, hata kama wanaocheza watakuzomea. Na siku moja ukinikuta mahali, nimeshika gitaa, nikakuambia kwa upole tucheze kidogo, kataa. Hata nikikubembeleza, kataa, upige makofi, uende zako.