Yunia, Mwonjaji wa Jenerali

Watu hudhani natania nikisema jirani yangu Yunia aliwahi kuwa usalama wa taifa. Si taifa letu. Ni la Jenerali mmoja aliyepinduliwa kwao, akaja kujificha katika nyumba ya zamani ya meneja, juu ya shamba la chai hapa upande wa Sotik, mahali ambapo hata ndama akipotea asubuhi, kufikia mchana kila mtu anajua yuko kwa nani.

Yunia alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akachuma chai miaka ishirini na sita. Mimi, Chemutai, ni wa hapa hapa, na tulichuma mstari mmoja mpaka tukajuana kwa kikohozi. Kisha zikaja mashine. Mashine moja ikala kazi ya wanawake thelathini, tukaambiwa asanteni, nendeni. Mimi nilirudi kwa ng'ombe wangu wawili. Yunia hakuwa na pa kurudi. Mume alikuwa amefariki, na mwanawe Kepher alikuwa Nairobi akihangaika kama sisi. Kwa hivyo aliposikia kuna mgeni anatafuta mpishi, alikubali kabla hajaulizwa kama anajua kupika.

Kupika kulikuwa sehemu ndogo. Kila asubuhi alisimama kwenye dirisha la jikoni, akaangalia ua wa michongoma, akatoa ripoti: "Kuko salama, Jenerali." Chakula kikiiva, alionja kila sufuria mbele ya bwana mkubwa, naye akahesabu dakika kumi kwa saa yake ya dhahabu kuona kama mama wa watu ataanguka. Asipoanguka, Jenerali alikula. Sijui ni nani alimfundisha adabu hiyo.

Huku akila alisimulia njama. Zilikuwa arobaini na mbili. Kinyozi aliyetaka kumkata koo. Askofu aliyempa mkono wenye sumu. Ng'ombe wa zawadi aliyefundishwa kupiga teke. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na kwa kila njama mtu alikwenda jela, mpaka jeshi zima likawa ndani, ikabaki bendi. Funguo za ghala la silaha zikapewa wapiga tarumbeta, maana nani amewahi kumwogopa mpiga tarumbeta? Siku moja walimaliza wimbo wa taifa, wakaweka tarumbeta chini, wakafungua ghala. Hawakumpiga hata risasi moja. Walimpandisha ndege na sanduku lake, wakarudi kufanya mazoezi ya wimbo mpya. Hiyo ya arobaini na tatu hakuihesabu kamwe.

Yunia alizisikiliza hizo habari miaka miwili. Jioni alipita kwangu, akaketi, akavua viatu. Nilikuwa namwekea chai tu. Kuna uchovu ambao hauulizwi maswali.

Kisha macho yakaanza. Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliacha kuchagua maharagwe kwa kutazama, akawa anachagua kwa vidole. Madaktari wa macho walikuwa wakija hospitali ya Kaplong mara chache kwa mwaka, bure, na mara mbili aliomba ruhusa aende. Mara mbili Jenerali alikataa, ati adui hana likizo. Nesi wa huko, aliyekuwa amempima awali, akanipigia simu: jicho la kushoto limeiva kupita kiasi, mama akikosa tena safari hii, asitulaumu. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Yunia aliambiwa tazama kila siku, na macho yenyewe hakuwa nayo.

"Safari hii utaenda," nilimwambia. "Nitakuja nikushike mkono."

Jumatano hiyo ya mwezi wa saba nilifika saa mbili asubuhi. Kando ya ua wa Jenerali walikuwa wanaume kama thelathini na panga, wamejipanga mstari, wanaimba wimbo wa kanisa. Ni wakataji chai. Kila baada ya miaka michache vichaka hukatwa mpaka magotini, la sivyo chai inakuwa miti. Msimamizi wao, Weldon, alinisalimia. Sikuona la ajabu.

Ndani, Jenerali alikuwa chini ya meza ya kulia chakula, amevaa koti la medali na malapa.

"Wewe nani?" akafoka.

"Mimi ni Chemutai. Nimekuja kuchukua Mama Kepher, aende hospitali."

"Haendi popote. Nimemfungia stoo. Watu thelathini na panga, na yeye anasimama dirishani ananiambia kuko salama! Ni mmoja wao."

"Jenerali, hao ni wakataji chai."

"Hata kinyozi alikuwa kinyozi," akasema.

Hapo nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Madaktari walikuwa wanapokea majina mpaka saa nne. Nikaita kwa nguvu, na sauti ya Yunia ikatoka nyuma ya mlango wa stoo, imechoka kuliko siku zote.

"Mwambie ukweli, Chemutai. Mwambie sioni."

Jenerali alitoka chini ya meza polepole. Akafungua stoo nusu, akanyoosha mkono mbele ya uso wa Yunia. "Vidole vingapi?"

"Vitatu," Yunia akasema.

Nilikuwa karibu. Mzee alikuwa amekunja ngumi.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na kila asubuhi umeniambia kuko salama!"

"Na si kulikuwa salama?"

Mzee aligeukia jikoni. "Lakini chakula," akasema. "Chakula ulikuwa unaonja."

Yunia akashusha pumzi. "Jenerali, wewe unakula pilipili mingi sana, na mimi niko na alsa za tumbo. Nilikuwa natema kwa aproni. Miaka miwili."

"Sasa ni nani amekuwa akinilinda?"

Nje Weldon na watu wake walikuwa wamefika ubeti wa mwisho. Yunia alipapasa ukuta mpaka akaupata mkono wangu.

"Hakuna mtu alikuwa anakuja," akamwambia, bila ubaya.

Tulimwacha ameketi juu ya gunia la unga. Tulifika Kaplong saa nne kasorobo.

Walimfanyia jicho la kushoto. Kesho yake bandeji ilipotolewa, alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, Chemutai." Nililia, sioni haya kusema.

Ijumaa tulipanda kuchukua Biblia yake na sweta. Jenerali alikuwa kwenye ngazi ya jikoni, koti halijafungwa vifungo, ndevu zimeota nyeupe. Magotini alikuwa na sufuria ya ugali aliousonga mwenyewe, umekauka juu. Hakuwa amekula tangu Jumatano.

"Onja," akasema. Haikuwa amri.

Mimi ningeondoka. Naapa ningeondoka, na nilimvuta Yunia nguo. Yeye alinawa mikono kwenye bomba, akamega tonge, akatafuna, akameza. Mimi na Jenerali tulimwona akimeza.

"Haijaiva," akasema. "Lakini hakuna mtu ameweka kitu."

Jenerali hakuangalia saa yake. "Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?" aliuliza, na nikasikia katika sauti yake kwamba alikuwa akitumaini yuko.

"Hata mmoja, baba. Kula."

Yunia akachukua Biblia na sweta. Tulishuka kati ya chai iliyokatwa, Yunia mbele, bila kunishika mkono.