Samli na Karboli

Mimi ni mtu wa kinyaa, wala sikuanza jana. Kwetu Unguja mama alikuwa akininunia kwa sababu sikubali kunywa maji kwenye kikombe alichonywea mwenzangu. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejipeleka mwenyewe kusomea uganga nchi ya Mdachi, tena bara, Ugogoni! Mjomba wangu alikuwa na duka Dodoma tangu reli ilipofika. Akatuma barua kwamba hospitali ya pale inatafuta vijana wanaojua kusoma na kuandika wafundishwe kazi. Mama akasema nenda, utarudi mtu mzima mwenye cheti chake. Nikavuka bahari, nikapanda gari la moshi, nikashuka nina vumbi mpaka kwenye meno.

Tulikuwa wanafunzi watano. Bwana mganga, Mdachi mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa amri tupu, alituzungusha: miezi kadhaa kwenye vidonda, kisha chumba cha kupasulia, kisha chanjo ya ndui. Kila sehemu ukimaliza anakutilia sahihi. Ikikosekana moja, huna cheti, funga mizigo urudi kwenu.

Vidonda, jamani! Vibarua wa reli walikuja na miguu iliyooza, kitambaa kimegandamana na nyama, na ukikivuta yanadondoka mabuu meupe yanayocheza. Wengine vidole vimejaa funza, na kazi yangu ilikuwa kuwatoboa kwa sindano na kuwatoa na mayai yao, mmoja mmoja, pua yangu imekaribia kugusa kucha za watu. Siku ya kwanza nilitapika. Ya pili nilitapika. Ya tatu sikuwa na kitu tumboni, lakini nilijitahidi.

Kilichoniokoa ni karboli, ile dawa kali ya kuulia uchafu, ambayo harufu yake inakwangua koo. Wenzangu waliichukia, mimi niliipenda kama watu wapendavyo udi. Nilinawa nayo, nikapangusia meza, nikaoshea visu na ngozi ya mgonjwa kabla hajapasuliwa. Bwana mganga akanisifu mbele ya wote kwamba mikono yangu ndiyo safi kuliko yote. Basi kichwa kikavimba.

Tukaingia kwenye chanjo. Dawa yenyewe ilitoka kwenye tumbo la ndama: ananyolewa, anachanjwa, na vipele vikishaiva mwanafunzi anavikwangua na kutia ule ute kwenye kichupa. Astaghfirullah! Niliukwangua huku nimefumba jicho moja.

"Kabla ya kuchanja, osha mkono wa mtoto kwa maji," alituambia bwana mganga. "Maji tu. Kisha ungoje ukauke."

Nilisikia. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

Tulitawanywa vijijini, na mimi nikapewa kijiji kimoja karibu na Gulwe. Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, mwenye binti mdogo wa kama miaka minne. Kiswahili alikipata kwa wapita njia wa misafara, na kilipopungua akajazia kwa ishara za mikono. "Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa salamu ya kwao, na kabla sijaitikia amenishika mikono yote miwili.

Lo! Mama yule alikuwa amejipaka samli na udongo mwekundu toka utosini hadi miguuni, kama wanawake wote wa pale, na kwao huo ndio usafi na ndio uzuri. Samli ya siku nyingi, kwenye jua la Ugogoni! Ilinishika viganja na haikutoka. Jioni akaniandalia ugali wa uwele na mlenda unaovutika toka bakulini mpaka kidevuni, na maziwa ya kibuyu. Nilipouliza kibuyu kinasafishwaje akanieleza kwa furaha kwamba kwa mkojo wa ng'ombe, halafu kwa moshi. Nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu. Nikayamwaga nyuma ya nyumba, naye akaniona. Kesho yake aliniletea maziwa kwenye kikombe cha bati, sijui alikiazima wapi.

Asubuhi ile watoto wakapangwa mstari kwa chanjo. Kila mkono niliopewa ulikuwa mwekundu, unateleza, una inzi. Nikaosha kwa maji, na maji yakakimbia juu ya samli. Nikaosha tena, mafuta yako palepale. Nikasema hapana, sigusi uchafu huu. Nikafungua chupa yangu ya karboli niliyoibeba toka chumba cha kupasulia, nikasugua mikono yote mpaka ikanuka kama meza yangu. Wala sikungoja ikauke, nikachanja. Yule binti wa mwenyeji wangu alilia kwa ule ukali, mama yake akampulizia mkono.

Siku ya saba sharti urudi kukagua. Kipele kikiwa kimetoka, unaandika kwenye daftari "imeshika". Kisipotoka, unachanja upya. Niliporudi walikuwa wamepakwa samli mpya, nzito, maana mgeni anakuja. Ili kuona ngozi ilinibidi nipanguse kila mkono. Sikupangusa. Nilipita nikitazama kwa mbali, leso puani, nikiandika imeshika, imeshika, imeshika.

"Mwanangu," mama yule akaniita, "mkono wa huyu mbona haujatoa kipele?"

"Wewe mama, nani aliyesomea kazi hii, mimi au wewe? Na hayo mafuta yako yananuka!"

Akarudi nyuma na mtoto wake. Nikapata sahihi yangu ya tatu.

Baada ya mavuno ndui ikaja. Tulipelekwa Gulwe kujenga kambi ya vibanda vya nyasi, na huko niliona nisiyotamani kumwona nayo hata adui: ngozi inabaki kwenye mkeka, mtu anainuka bila ngozi. Vijiji vya wenzangu vilileta watoto wachache. Changu kilileta karibu wote.

Asubuhi moja alikuja yule mama, mtoto mgongoni. Kwanza sikumjua. Hakuwa na samli wala udongo. Alikuwa amejisugua, ngozi yake kavu imepauka, na mtoto naye amemsugua, mwili wote una vipele vibichi.

"Nimeoga, mwanangu," alisema. "Na yeye nimemwogesha. Hatunuki. Mtazame."

Bwana mganga akafika kabla sijafungua mdomo. Akashika mkono wa mtoto, akatafuta alama ya chanjo, hakuna. Akafungua daftari langu, akasoma.

"Uliosha kwa kitu gani?"

"Kwa karboli, bwana."

Akasema kwa Kidachi kitu ambacho sikukielewa, na kwa Kiswahili akasema, taratibu, kwa mara ya kwanza bila kuamrisha: "Karboli inaua. Umeiua dawa." Akaniwekea daftari mkononi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama yule hakuwa ameelewa. Maneno yalikwenda haraka, na masikio yake yalikuwa kwa mtoto. Akanivuta mkono.

"Anasemaje? Dawa ilikataa kwa sababu ya samli yangu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenizuia. Nilitazama ule uso uliosuguliwa kwa ajili yangu, nikasema: "Ndiyo, mama."

Mtoto alikufa siku ya nne. Cheti sikupewa, na nilistahili zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata, nikiwa karani dukani kwa mjomba, gari la moshi nililopanda lilisimama Gulwe, na wanawake wakaja madirishani kuuza karanga. Wote waling'aa kwa samli na udongo mwekundu, wakicheka. Mmoja tu alikuwa mkavu, ngozi imepasukapasuka kwa upepo, amesimama mbali kidogo na wenzake. Aliponiona aliniamkia kwa kichwa, na hakusogea, asije akanichafua.