Kivuko cha Adolphe

Watu wa huku tulilalamikia mashimo miaka nenda miaka rudi. Safari ya Lodwar hadi Kakuma ilimeza siku nzima, na dereva alifika na vumbi hadi kwenye kope. Lakini alifika, na aliowapita njiani nao walifika makwao. Kisha lami ikaja, tukapiga vigelegele, wakubwa wakakata utepe, na tangu hapo tunazika. Mwanzoni ilikuwa ajali moja moja, ya kusimuliwa mwezi mzima. Siku hizi ukitaja ajali unaulizwa kwanza ni ipi. Wodi za Lodwar zimejaa vijana wa boda wenye miguu iliyofungwa vyuma, na wanaokwenda kuwatazama wanakwenda kwa boda vilevile, watatu juu ya pikipiki moja, vichwa wazi.

Mimi ninaziba pancha kando ya lami hiyo, pale makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yanapopakana na barabara. Ni kazi ya kukaa chini na kutazama magurudumu, kwa hiyo nimeona mengi ambayo nisingetaka kuyaona. Nakueleza habari za Adolphe kwa sababu wanaomtaja sasa wanamtaja kwa kumcheka, na kicheko chao kinanipandisha hasira.

Adolphe ni Mkongo wa Uvira, mwandishi wa mabango. Kazi aliirithi kwa mjomba wake, na vita ilipowatoa kwao alikimbia na brashi zake ndani ya soksi, mkewe Sylviane akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa Kakuma, kambini, wakamwita Félicité. Miaka michache baadaye akaja Mélanie, na familia ikahamishiwa Kalobeyei. Mabango yote unayoyaona hapa yameandikwa na mkono wake, la kinyozi, la Hoteli ya Mama Carol, hata lile la kanisa lao. Herufi zake zimenyooka utadhani zimepigwa na mashine. Mwenyewe naye alikuwa hivyo hivyo, amenyooka. Katika joto hili linalotutoa mashati, yeye alivaa la mikono mirefu lililopigwa pasi, na neno mkimbizi alikuwa hataki hata kulisikia.

"Mimi niko mutu," alikuwa akiniambia. "Ukimbizi ni kitu ilinipata tu, sawa malaria."

Nyumba yao iko upande huu wa lami. Shule na kanisa viko upande wa pili. Kwa hiyo kila siku watoto lazima wavuke, na kuvuka hapo ni kazi, kwa maana gari linalotoka Kakuma huwa limeshika mbio kufikia hapa. Hakuna tuta, hakuna kibao, hakuna askari. Mkutano uliitishwa, watu wa ofisini wakaja, wakatuzungumzia Kiingereza, wakanywa maji yao ya chupa na kuondoka.

Kitu kimoja tu ndicho kinachosimamisha gari hapa, nacho ni mbuzi. Usicheke. Ukigonga mbuzi wa Mturkana, hiyo safari yako imekwisha. Watu watatoka hata usikojua kama kuna watu, gari litazungukwa, wazee wataketi kwenye vile vigoda vyao vya kubeba mkononi, na kila mbuzi aliyegongwa katika wilaya hii, kwa ajabu ya Mungu, alikuwa jike, alikuwa na mimba, na mimba yenyewe ya mapacha. Hutoki mpaka umelipa ukoo mzima wa mbuzi huyo, waliopo na wajao. Madereva wanalijua hilo kuliko wanavyojua alama za barabarani. Wakiona pembe, mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Mtoto wa mkimbizi, kwa upande wake, hana wazee wa kumketia.

Jirani yangu Namuria huwavusha mbuzi wake hapo asubuhi kwenda malishoni na jioni kurudi. Wakimbizi wenyewe hawachungi, hilo lilikwisha kuleta ugomvi na sisi wenyeji zamani. Basi watoto wao waligundua, bila kufundishwa na mtu mzima yeyote, kwamba njia salama ya kwenda shule ni kumngoja Namuria, kujichomeka katikati ya mbuzi, na kwenda nao. Ilikuwa kawaida. Ungeona kundi linavuka, mbuzi na sare za shule vimechanganyika, na lori limesimama likinguruma kwa adabu. Namuria hakuwafukuza, ila aliwakataza kushika mikia.

Sasa asubuhi moja Adolphe akapita akamwona Félicité. Mtoto alikuwa na umri wa darasa la nne, mrefu kwa miguu kama baba yake, na alikuwa ameinama kati ya beberu na majike, sketi imepakwa mavi. Nilimwona Adolphe akisimama ghafla. Alingoja mpaka kundi livuke, kisha akamwendea Namuria.

"Ejok, Adolphe," Namuria akamsalimu.

"Mama Namuria, mutoto yangu haiko mbuzi."

"Najua. Mbuzi nasikia maneno, mtoto hapana," Namuria akamjibu. Ni mwanamke wa mzaha mkavu.

"Minasema kweli. Leo anavuka na mbuzi, kesho atakunywa maji na mbuzi. Akili yake itasema yeye ni nini?"

"Atasema yeye iko hai. Gari naogopa mbuzi, Adolphe. Gari haogopi mtoto. Hiyo gari si mimi nalitengeneza."

Hapo ndipo nilipaswa kujua kwamba jambo litatokea, maana Adolphe aliondoka akiipima lami kwa macho.

Jumapili baada ya ibada alikuja na madebe yake, kamba, na ubao. Alipima lami kwa kamba kama anavyopima bango, akapiga mistari myeupe kutoka ukingo hadi ukingo, kivuko cha miguu kamili kama vya Nairobi. Rangi aliichanganya mwenyewe, nzito, ya kukaa. Vijana wa boda walikuwa wakimpigia honi na kumwita injinia. Alipomaliza alisimama pembeni akakitazama, akapangusa jasho kwa mkono wa shati lile jeupe, akaniuliza kama kimenyooka. Nikamwambia kimenyooka. Kilikuwa kimenyooka kweli, na mimi nilimwonea fahari, nisikufiche.

Jumatatu asubuhi akajaribu. Gari la kwanza lilikuwa la mashirika ya misaada, jeupe, lenye antena. Adolphe akainua mkono, akakanyaga mstari, na gari likasimama. Likaja la pili, la mashirika vilevile. Likasimama. Adolphe akarudi upande huu akiwa amejaa furaha hata akasahau kunisalimu. Wiki nzima alikuwa hapo asubuhi na watoto wake wawili na wa jirani, akiwafundisha.

"Unasimama. Unainua mukono. Unamuangalia chauffeur mu macho. Halafu unatembea, kichwa juu. Hapana kukimbia! Mwizi ndiye anakimbiaka. Weye uko mutu, na hapa ni pahali ya batu."

Nilimwita kando. Nilimwambia, "Baba Félicité, hayo magari yana mashine ndani inayowashtaki madereva. Wakikosea, kazi imekwenda. Hawakusimama kwa ajili yako. Na saa hizi za asubuhi wengi wanaopita ni wao. Ungoje uone magari ya samaki."

"Chauffeur ni chauffeur," akasema. "Mustari ni mustari. Dunia muzima inajua ule mustari."

Magari ya samaki hutoka ziwani, upande wa Ferguson's Gulf, na samaki waliofunikwa magunia yenye maji, kuja kuwauzia Wakongo na Wasudani kambini. Gunia likikauka samaki wanaharibika, na huku gunia linakauka haraka. Dereva wa samaki hashindani na dereva mwenzake, anashindana na jua. Hayo nayo nilimwambia. Akanipiga bega kwa upole, kama mtu anayemhurumia mjinga.

Jumamosi madereva wa mashirika wamepumzika. Félicité alikuwa anakwenda mazoezi ya kwaya, amevaa gauni la njano, peke yake. Namuria alikuwa kwenye kichaka cha karibu akiwakusanya mbuzi wake.

"Ngoja!" Namuria akamwita. "Ngoja mbuzi, nakuja!"

"Papa alikataza!" mtoto akajibu. Alijibu kwa heshima, hata alisimama kwanza ndipo akajibu.

Akafika ukingoni. Akasimama. Akainua mkono. Pikapu ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kakuma, bado mbali kiasi, na mtoto yeyote wa Kalobeyei angekimbia akavuka na nafasi ikabaki. Félicité hakukimbia. Alimtazama dereva machoni, akaweka mguu juu ya mstari, akatembea kichwa juu, kama alivyofundishwa. Nilipiga kelele. Namuria alipiga kelele. Alikuwa amefika katikati.

Pikapu ilisimama mbali mbele, mkabala na ninapozibia pancha, samaki wakimwagika nyuma. Dereva hakushuka. Alitoa kichwa dirishani, akamwuliza kijana wa boda aliyekuwa karibu, "Ni wa nani? Ni wa hapa?"

Kijana akamwambia ni wa wakimbizi.

Mimi niliona ule uso. Niliuona ukirudi kuwa uso wa mtu, damu ikiurudia. Akazima gari, akashuka, akaja kwa miguu, na njiani akaokota samaki mmoja akamtupa nyuma ya pikapu. Sitaisahau hiyo mpaka naingia kaburini.

Adolphe alifika anakimbia, ndiyo, mara hiyo alikimbia. Tulimweka mtoto kwenye boda, katikati ya kijana na baba yake, kwa maana gari la wagonjwa lilipopigiwa simu lilisema liko Lokichoggio. Baba alikuwa anamwimbia sikioni wimbo wa kwaya ili asilale. Kijana wa boda anasema kabla hawajafika Kakuma wimbo ulikuwa wa mtu mmoja asiyesikilizwa, na Adolphe hakunyamaza mpaka daktari alipomshika mdomo.

Kesi iliitwa Lodwar, ofisi ya polisi wa barabarani. Mkimbizi haendi Lodwar bila kibali, na kibali kilichelewa, lakini kilitoka, nikamsindikiza kama shahidi. Afisa alikuwa kijana nadhifu, hakuwa mtu mbaya. Akamwuliza dereva kama alimwona mtoto.

"Nilimwona, afande."

"Na mistari?"

"Niliiona pia. Nikapunguza mwendo kidogo, nikaangalia kama kuna mbuzi. Hakukuwa na mbuzi."

Alisema hivyo wazi, bila haya, kama unavyoeleza kwamba uliangalia kama kuna mvua. Afisa akaandika. Hakuinua uso. Kisha akamgeukia Adolphe.

"Na hii mistari nani alichora?"

"Mimi," Adolphe akasema. Masikini, alinyooka kwenye kiti aliposema.

"Kwa idhini ya nani?"

Basi mambo yakageuka. Kuchora barabara ya serikali bila idhini ni kosa, na mistari isiyo halali inapotosha watumiaji wa barabara, akiwemo marehemu. Hilo neno marehemu, afisa alilisema kwa Kiingereza kwanza. Dereva akaonywa, akarudishiwa leseni yake. Adolphe akaambiwa kwa kuwa amefiwa hatashtakiwa, ila rangi iondoke kabla ya wiki kwisha.

Tuliporudi Kalobeyei akachukua petroli na brashi ya waya, akapiga magoti juu ya lami na kuanza kusugua. Magari yalimpigia honi akawa anahama pembeni na kurudi, anahama na kurudi. Rangi ile aliichanganya kwa ustadi, haikutaka kutoka. Alisugua hadi vidole vikachubuka, na mistari ikabaki kijivu, ikionekana wazi ukiitazama kwa upande. Vijana wa boda waliendelea kumwita injinia. Mmoja nilimtupia spana.

Jioni hiyohiyo Sylviane, mkewe, alikuwa anatoka kumchukua Mélanie shuleni, amemshika mkono, akampita mume na brashi yake ukingoni, akaenda moja kwa moja kwa Namuria aliyekuwa huko upande wa pili akiwarudisha mbuzi. Alimsukuma mtoto mbele kidogo. Namuria akamtazama Adolphe kwanza, kisha akampokea mtoto, akamweka katikati ya kundi, akampigia mluzi beberu wa mbele.

Wakaanza kuvuka. Lori kubwa la saruji lilikuwa linakuja kutoka Lodwar, likakanyaga breki kutoka mbali, likasimama kabisa. Dereva alizima hata redio. Adolphe aliinuka kutoka magotini, brashi mkononi, akawatazama mbuzi wanapita mbele yake mmoja mmoja, na kati yao kichwa cha binti yake kilichosukwa vizuri, kimeinuliwa juu ya migongo.

Mtoto alipomfikia, Adolphe aliweka kiganja juu ya kile kichwa, akakisukuma chini taratibu.

"Inama, mama," akamwambia. "Inama zaidi. Chauffeur asikuone."