Sikio la Tembo Katika Chumba cha Kufulia

Jumanne moja asubuhi nilipigiwa simu: jirani yangu wa ghorofa ya nne, hapa mtaani Rexdale, ughaibuni, hatunaye tena. Moyo ulikuwa umesimama akiwa kazini, ghalani karibu na uwanja wa ndege. Mimi, ambaye wasomaji mnanijua kwa uhodari wa kutotoka nyumbani, niliteremka hadi chumba cha kufulia nguo, maana ndiko tulikojuana, na sikujua pengine pa kwenda.

Kwao Tanzania alikuwa mhandisi. Huku alipanga maboksi. Siku za mapumziko alitengeneza vibao vyeusi vya nyuzi, gundi na unga wa grafaiti, ule wa ndani ya penseli, akapitisha humo vijia vya maji vinavyogawanyika kama mishipa ya sikio la tembo, kwa kuwa tembo hutolea joto masikioni. Alivibana kwenye bomba la kutolea nje hewa moto ya mashine za kukaushia, ili joto hilo lipashe maji. "Jirani, baridi yote hii, na sisi tunawapashia njiwa joto!" Nami, na kidato changu cha nne, nikamjibu, "Fundi, sikio tumeliona. Mkonga lini?" Alicheka sana. Vibao vilipasuka kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nilikiandalia mzaha. Mwezi mmoja kabla hajafariki, kimoja hakikupasuka. Maji yalitoka ya moto, ya kuoga kabisa.

Kibao hicho sasa kiko chuo kikuu, watafiti wanakichunguza. Wiki kadhaa baada ya mazishi alinijia bintiye, ambaye miaka yote nikimsalimu hunijibu Kiingereza. Safari hii alikitafuta Kiswahili neno moja moja.

"Anko, wanajua ndani kuna nini. Wakitengeneza wao, kinapasuka. Baba hakuandika. Alikuwa anakuambia wewe."

"Ni kweli, mwanangu. Alikuwa ananiambia."

"Basi niambie."

Nakumbuka baba yake alishika kile kibao kingali kibichi, akasema, "Sasa angalia hapa, hapa ndipo nilipokuwa nakosea." Mimi nilikuwa nikitazama soksi zangu zikizunguka mashineni, natunga mzaha. Mzaha wenyewe ninao hadi leo, neno kwa neno.

Msinikumbushe methali ya majuto, naijua. Mji huu umejaa watu waliosomea makubwa wanaobeba madogo, na ujuzi wao humwangukia yeyote aliye karibu, hata mvivu anayengoja nguo zikauke. Mtu akikueleza kazi yake, mwulize swali la pili. La kwanza huwa ni adabu tu.