Sikulishukuru Lori

Katika darasa letu la ubatizo kila mtu aliomba kwa ajili ya baiskeli. Bibi mmoja mjane, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli wala kutamani kuipanda, alisimama, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa baiskeli aliyotupa, akaomba magurudumu yake yaepushwe na miiba. Kijana aliyemfuata aliishukuru baiskeli hiyo hiyo, kisha akamwombea mke wake anayeumwa goti. Kijana huyo hakuwa na mke.

Baiskeli ilikuwa ya katekista wetu, na goti lilikuwa la mke wake. Sisi tulimwita Mwalimu. Sala za kitabuni alitufundisha kwa kukariri, mstari kwa mstari, na kwa hizo hapakuwa na tatizo. Lakini kanisa letu lilitaka pia kila anayebatizwa aweze kuomba kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, siku mchungaji atakapokuja. Basi Mwalimu akatuonyesha jinsi anavyoomba yeye, na wenzangu wakaikariri sala yake nzima kama walivyokariri zile nyingine. Walichukua hata kikohozi. Alikuwa na mazoea ya kukohoa kabla ya kutaja wagonjwa, nao wakakohoa mahali hapo hapo.

Zamu yangu ilipofika niliiacha baiskeli, nikaliacha na goti.

"Umeruka," Mwalimu alisema.

"Sina baiskeli, Mwalimu."

"Kwani nani amekuuliza kama unayo? Wewe shukuru."

"Ninyi mnayo. Nikiishukuru na mimi, Mungu atadhani zimekuwa mbili."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu hakucheka, lakini aliniacha. Wakati huo mambo yalikuwa bado mepesi.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, mpasua mbao katika milima ya juu ya Kilosa. Wengi huko kwetu walikuwa Waanglikana tangu zamani. Nyumba yetu ilichelewa. Shule sikupelekwa. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa vipande vya magazeti vya kufungia sukari, nikiuliza herufi moja moja kwa yeyote aliyezijua. Tabia hiyo imenibakia: jambo nikilishika nalichukua polepole, na sipendi kupita mahali nisipopaelewa.

Sikuingia darasani kwa sababu ya ndoto wala maono. Niliingia kwa sababu ya benchi. Mke wangu alibatizwa akiwa mtoto na akawekewa mikono na askofu akiwa msichana, ndipo akaruhusiwa Meza ya Bwana. Alipokubali kuishi nami, mtu asiyebatizwa, bila ndoa ya kanisani, alitengwa. Maana yake ni kwamba kila Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipokwenda mbele kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki amekaa akiangalia migongo yao. Hakuacha kwenda. Hakulalamika. Ila akirudi nyumbani alikuwa kimya mpaka chakula cha jioni, na mimi nilijua ukimya ule ulikuwa wa nini. Nikibatizwa, ndoa yetu ingebarikiwa, naye angerudi mezani. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Kuomba kwenyewe nilikuwa nimekuona kwa watu wawili tu. Wa kwanza ni baba yangu. Mvua ikichelewa alikwenda makaburini na unga na pombe kidogo, akasema na wazee wake kama mtu anayeamsha walinzi: "Mmelala? Watoto wenu wanachimba mizizi, ninyi mnatazama tu?" Wa pili ni muuguzi mmoja wa Berega, nilikolazwa baada ya gogo kunibana mguu. Asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, na kila kitanda alikipa sentensi moja. "Bwana, huyu hajakojoa tangu jana, msaidie." "Bwana, huyu hataki uji, na uji wenyewe ni mbaya, mpe hamu." Kwangu alisema, "Bwana, mguu huu unanuka, na wewe unajua maana yake." Mguu ulipona. Lakini hata usingepona, nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba kuomba ni kusema kitu kilivyo mbele ya yule anayeweza kukibadilisha.

Kisha likaja lori.

Ilikuwa miaka ya operesheni, watu wa milimani wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa tutahama baada ya mavuno. Lori lilikuja kabla. Mahindi yangu yalikuwa yameanza kukauka ndevu. Niliomba nipewe muda wa kuvuna, na kijana wa mgambo, ambaye sikumchukia, aliniambia, "Mzee, na mimi nimetumwa tu," akapanda juu ya nyumba yangu na kuanza kung'oa nyasi za paa ili tusipate mahali pa kurudi. Tulishushwa uwandani, upande wa Zombo, mbele ya kigingi chenye namba. Kigingi hicho ndicho kilikuwa nyumba yetu. Niliporudi kwa miguu kuyaangalia mahindi, nyani na nguruwe walikuwa wamekwisha maliza. Mwaka ule watoto wangu waliijua njaa.

Mwalimu alihamishwa pamoja nasi, baiskeli yake imefungwa kwa kamba juu ya mizigo ya watu. Sifa yake nampa: kabla hata nyumba yake haijasimama vizuri, alikuwa amekwisha jenga kibanda cha kusalia na kutuita tena darasani. Lakini katika ile sala yake ya mfano aliongeza sentensi mpya. Kabla ya baiskeli sasa alisema, "Tunakushukuru, Bwana, kwa kutuleta katika kijiji hiki." Bibi akaishika siku hiyo hiyo. Kijana naye akaishika. Mimi nilipofika hapo nikanyamaza, nikaendelea na mengine.

"Umeruka tena."

"Hii siisemi, Mwalimu."

"Unachambua sala kama maharage?"

"Kwani maharage hayachambuliwi?"

"Usinijibu hivyo! Huko kuomba kwako ni kutambika tu. Kila siku malalamiko, kila siku Mungu anadaiwa."

"Baba yangu hakuwahi kuwashukuru wazee kwa njaa."

Aliwaambia wenzangu waende nyumbani. Tulipobaki wawili alikaa karibu nami, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Siku ya mchungaji mwenyekiti wa kijiji atakuwepo, nimemwalika mwenyewe. Kibanda hiki tunasalia kwa ruhusa yake. Unafikiri mimi siyajui hayo mahindi? Na yangu yalibaki kule juu."

"Basi yasemeni."

"Nina mke mgonjwa," alisema.

Sikumdharau. Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu za kweli. Lakini hofu ilikuwa yake kama baiskeli ilivyokuwa yake, na mimi sikuona kwa nini niikariri.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akitwanga. Nilimweleza yote, kwa kuwa benchi lilikuwa lake.

"Ni sentensi moja tu," nilimwambia. "Naweza kuisema, mambo yakaisha, ukarudi mezani."

"Utaisema?"

"Ukitaka."

"Usinitwike mimi, baba watoto. Wewe unataka?"

"Sitaki."

"Basi usiseme." Alisimamisha mchi. "Miaka yote hii nimekaa kule nyuma kwa ajili ya mtu mkweli. Ukienda kusema uongo, na mbele ya Mungu, nitakuwa nimekaa kwa ajili ya nani?"

Akaendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko mahindi yale machache yalivyohitaji.

Mchungaji alikuja Jumapili moja kiangazi kikiisha. Alikuwa na eneo kubwa, kutoka Kilosa mpaka karibu na Mikumi, na kwetu alifika kwa nadra. Mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu wa uwandani, alikuja na kofia yake safi na kukalishwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Bibi aliomba. Akashukuru kwa kijiji, kwa baiskeli, akakohoa, akaliombea goti. Kijana akafanya vivyo hivyo. Niliona mchungaji akimtupia jicho Mwalimu, na Mwalimu akitazama chini.

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa siku nyingi, kama ninavyopiga mstari wa masizi juu ya gogo kabla ya kutia msumeno.

"Bwana," nilisema, "sisi ni watu wa juu. Tuliletwa hapa kwa lori kabla ya mavuno. Mahindi yetu yaliliwa na nguruwe, na wewe ulikuwa unaona. Watoto wangu wamelala njaa. Sijui kama ulitaka iwe hivyo. Kama ulitaka, nieleze, kwa maana sijaelewa. Nakushukuru kwa mke wangu, na kwa mguu wangu, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyekufa. Mvua inayokuja usiicheleweshe tena. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Kisha bibi akasema "Eeh!" kwa sauti nene, kama watu wanavyomwitikia msemaji barazani. Halafu kutoka benchi la nyuma ikaja amina moja, ya mke wangu, haikuwa ya kunong'ona.

Watu wakamtazama mwenyekiti. Alivua kofia, akaipuliza vumbi, akaivaa. "Mimi hapa ni mgeni," alisema. "Mambo ya mtu na Mungu wake sina masikio nayo." Hakuniita kwenye kamati, wala siku ile wala baadaye. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma, au kama na yeye alikuwa na shamba lake mahali.

Mchungaji ndiye aliyenikataa. Hakunikataa kwa ukali. "Kushukuru ni nusu ya sala, ndugu yangu," alisema. "Wewe umeshukuru kidogo sana."

"Nimeshukuru kwa nilivyo navyo, mchungaji."

"Rudi darasani. Siku moyo wako utakapolegea, nitakubatiza."

"Na usipolegea?"

"Basi tutakuwa tunaonana."

Akawabatiza wale wawili. Mimi nilitoka mbele nikaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mke wangu, ingawa wanaume walikaa upande mwingine.

"Wanaume wenzako wako kule," alinong'ona.

"Huku kuna nafasi."

Akasogea.

Nilirudi darasani kama nilivyoambiwa. Walikuja wanafunzi wapya, nao wakaikariri baiskeli. Mwalimu alipofika kwenye ile sentensi alinipita kwa macho na kwenda kwa anayefuata, na kati yetu hilo likawa jambo la kawaida. Jumapili nilikaa nyuma. Kuna waliosema nimempumbaza mke wangu, na kuna waliosema yeye ndiye amenipumbaza. Sisi tuliendelea kukaa.

Mwaka huo kijiji kilichimba mtaro wa maji, kila nyumba sehemu yake, na mimi nikachimba yangu kwa kipimo kamili. Bomba likatoka. Mke wangu, aliyekuwa akiamka kwenda mtoni, sasa alichota maji mahali tulipoweza kuonana kutoka mlangoni. Binti yetu mkubwa akaanza shule. Milimani shule ilikuwa mbali mno kwa miguu yake. Mambo haya niliyaangalia polepole, kama ninavyoangalia kila kitu. Yalikuwa ya kweli. Na lori nalo lilikuwa la kweli. Moja halikulifuta jingine.

Mchungaji aliporudi, nilisimama mbele yake mara ya pili. Nilisema tena habari ya lori na mahindi, nikamwambia Mungu kwamba narudia kwa sababu hajanijibu. Kisha nikamshukuru kwa bomba. Nikamshukuru kwa shule ya binti yangu. "Lori silishukuru," nilimaliza. "Amina."

Safari hii waliitikia wengi.

Mchungaji alinitazama. "Naona moyo haujalegea."

"Haujalegea, mchungaji. Ila mwaka jana bomba halikuwepo."

Alimgeukia Mwalimu. "Wewe uliyemfundisha, unasemaje?"

Mwalimu alisimama. Nilidhani angetazama chini kama mwaka uliopita, lakini alinitazama mimi. "Huyu hafundishiki," alisema. "Nimejaribu. Lakini akifumba macho, hasemi na sisi. Hilo naweza kuliapia."

Mchungaji aliagiza maji yaletwe. Alinibatiza, akatuita mimi na mke wangu mbele, akaibariki ndoa yetu watoto wakiwa wamesimama pembeni. Sikujisikia nimeshinda. Nilijisikia kama mtu aliyesema jambo lake mpaka mwisho na bado akaruhusiwa kubaki ndani.

Tulirudi benchi letu la nyuma, kwa kuwa mimi nilikuwa bado sijawekewa mikono. Ilipofika saa ya Meza ya Bwana, watu walitoka mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho ulipokwisha, mchungaji aliinua macho, akalitafuta benchi la nyuma, akamwashiria mke wangu. Kibanda kizima kikageuka.

Yeye alimpakatisha bibi mtoto wetu mdogo. Akasimama, akaifungua khanga ya kiunoni, akaikung'uta, akaifunga upya, taratibu, akinyoosha upindo kwa vidole. Mchungaji alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Wanakungoja," nilimnong'oneza.

"Nawaona," alisema, akaendelea kunyoosha upindo.